Kupokea msamaha wa Mungu usioustahili: mwongozo kamili kwa anayeona dhambi yake ni kubwa mno

Wakristo wengi waliowahi kuniomba niombe nao juu ya dhambi iliyowalemea hawakuwa na shaka kwamba Mungu husamehe. Mistari wanaijua kwa kichwa tangu Shule ya Jumapili au mafundisho ya Kipaimara. Kinachowashinda ni kukubali kwamba anasamehe hili walilolifanya wao, tena anasamehe bure. Basi wanaanza kulipa polepole. Mmoja anafunga kila wiki mpaka afya inazorota. Mwingine hakosi kwaya, hakosi usafi wa kanisa, hakosi mkesha, na bado akilala moyo unamwambia hajafikisha. Mwingine ameamua kwamba furaha si haki yake tena, anatumikia kifungo alichojihukumu mwenyewe.

Nimemwandikia mtu huyo. Uwe Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Msabato au mlokole wa kanisa la mtaani, hatua hizi kwa sehemu kubwa ni zile zile. Pale desturi zinapotofautiana nitasema. Hatua ya nne ndiyo iliyobeba zote, na hapo nitakaa zaidi.

Kabla ya kuanza: lijue deni lenyewe

Soma Mathayo 18:23-35 taratibu. Mtumwa mmoja anadaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: ni dinari milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula wala kuvaa, angelimaliza deni hilo baada ya miaka 200,000. Yesu alichagua hesabu hiyo makusudi, ili msikilizaji asibaki na wazo la kulipa kidogo kidogo.

Sasa msikilize mtumwa mwenyewe akiwa amepiga magoti: “Bwana, nivumilie, nami nitakulipa yote pia.” Anaomba muda! Mfalme hampi muda, wala hapunguzi riba, wala hapangi awamu. Anamhurumia, anamfungua, anafuta deni lote. Hilo ndilo jibu la ombi ambalo mtumwa hakuwa hata na ujasiri wa kuliomba.

Tena deni halikuyeyuka hewani. Mfalme anaposamehe, hasara inabaki kwake. Ndivyo Wakristo wanavyoufahamu msalaba: “Adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake, na kwa kupigwa kwake sisi tumepona” (Isaya 53:5). Na wakati gani alilipa? “Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi” (Warumi 5:8). Hakusubiri tujirekebishe kwanza. Usiendelee mbele kabla hili halijakuingia, kwa maana ukilikosa, kila hatua inayofuata utaigeuza kuwa malipo.

Hatua ya 1: Itaje dhambi kwa jina lake

Tuna maneno mengi ya kuifunika dhambi. “Shetani alinipitia.” “Yalikuwa mambo ya ujana.” “Hali ilinilazimu.” “Kila mtu pale ofisini anafanya.” Inawezekana yote hayo yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja lililo ungamo.

Nitumie mfano mmoja tutakaotembea nao. Tuseme wewe ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mtoto aliugua, ukachukua hela ya kikundi ukisema utarudisha mwisho wa mwezi. Hukurudisha. Ukachukua tena, safari hii bila ugonjwa wowote, ukasahihisha daftari ili hesabu zilingane. Ukijiambia “nilizungusha hela ya kikundi”, unazungumza lugha ya kujificha. Useme hivi: “Niliiba. Nikaandika uongo kwenye daftari. Wanachama walinipigia makofi siku ya kugawana, nami najua nilichokifanya.”

Mfalme Daudi alikaa na siri yake, kuzini na Bathsheba na kumuua mumewe Uria, mpaka nabii Nathani alipomjia. Zaburi ya 32 inaeleza kipindi cha namna hiyo: “Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa kwa kuugua kwangu mchana kutwa.” Wengi wanaougua kichwa na kukosa usingizi kwa siri ya miaka wanaufahamu mstari huo mwilini kabla ya kuusoma.

Namna ya kufanya: tafuta saa moja ya utulivu, zima simu, chukua karatasi. Kama hujui pa kuanzia, pitia Amri Kumi katika Kutoka 20, au yale maneno ya Misa: nimekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Hilo la mwisho usiliruke. Mama mzazi uliyemwacha kijijini bila kumpigia simu lipo hapo. Andika sentensi fupi fupi zinazoanza na “nili”. Usiandike “tuli” kama ulifanya mwenyewe. Karatasi hiyo haina haja ya kuhifadhiwa. Ukimaliza hatua ya nne, ichome.

Angalizo kwa wenye dhamiri nyepesi mno, wale wanaokesha wakichimba dhambi mpya kila usiku: kwenu saa moja ndiyo mwisho. Yale msiyoyakumbuka yafunikeni kwa maneno ya Zaburi 19:12, mkimwomba Mungu awatakase na mambo ya siri, kisha msonge mbele.

Hatua ya 2: Weka chini utetezi, na malipo pia

Kuweka chini utetezi watu wengi wanaweza. Kuweka chini malipo ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu malipo yanafanana sana na utakatifu.

Tazama mwana mpotevu katika Luka 15 akiwa huko kwenye nguruwe. Anaandaa hotuba, nayo ina sehemu tatu. Kwanza: “Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako.” Pili: “sistahili kuitwa mwana wako tena.” Tatu: “nifanye kama mmoja wa watumishi wako.” Sehemu ya tatu ndiyo mpango wake wa malipo. Atafanya kazi, atakula kwa jasho lake, hatadaiwa fadhila na mtu.

Halafu soma mstari wa 21, wakati anapoitoa hotuba hiyo mbele ya babaye. Anasema sehemu ya kwanza. Anasema ya pili. Ya tatu haimo. Baba amekwisha kuwageukia watumwa: “Lileteni upesi vazi lililo bora, mkamvike; mpeni na pete kidoleni, na viatu miguuni.” Kukiri kosa kulisikilizwa. Kukiri kutostahili kulisikilizwa, wala baba hakubishana nako, kwa maana ni kweli kijana hakustahili. Ombi la kuajiriwa halikupata hata nafasi ya kutamkwa.

Kwa hiyo jiulize: nikiambiwa sasa hivi kwamba sitaruhusiwa kulipa chochote, hata mfungo wa siku moja, nitafurahi au nitaudhika? Ukiona kuudhika ndani yako, mwambie Mungu hivyo hivyo. Kiburi cha mtu aliyevunjika moyo ni kiburi bado.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Wapo watu wanaouza msamaha. Utaambiwa utoe sadaka maalumu ya kukufungua, ununue maji au mafuta, au upande mbegu ya kiasi fulani ndipo dhambi ya familia ifutwe. Jambo hili si jipya. Mwaka 1517 Martin Luther aliandika hoja zake 95 huko Wittenberg, Ujerumani, akipinga jinsi vyeti vya rehema vilivyokuwa vikiuzwa kwa watu. Na zamani kabla yake, Simoni mchawi alipowaletea mitume fedha, Petro alimjibu: “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali” (Matendo 8:20). Sadaka ni njema, toa kwa moyo. Lakini mtu yeyote akikutajia bei ya msamaha, funga mkoba wako uondoke.

Hatua ya 3: Omba, kwa maneno yako

Sala yenyewe ni fupi. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, hakuthubutu hata kuinua macho, akapigapiga kifua akisema, “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Basi. Yesu anasema huyo ndiye aliyeshuka nyumbani kwake amehesabiwa haki, na Farisayo mwenye ripoti ndefu hakuhesabiwa.

Omba kwa sauti, hata kama ni ya chini. Omba kwa lugha unayoilia. Nimemwona mtu mzima aliyeomba kwa Kiswahili fasaha dakika kumi bila kitu kutikisika, akahamia Kihaya, akashindwa kuendelea kwa machozi. Ukikosa maneno, unaweza kuanza na haya:

“Baba, nimefanya hili na hili (litaje). Sina la kujitetea, na sina cha kukulipa. Ulimtoa Mwanao kwa ajili yangu nikiwa bado katika hali hii. Nisamehe kwa ajili yake. Nataka kuiacha dhambi hii. Nguvu sina, nipe. Nakuja kama nilivyo. Amina.”

Sentensi ile ya kutaka kuiacha isiwe ya mdomoni tu. Mithali 28:13 inasema aziungamaye na kuziacha atapata rehema. Kama unaomba huku namba ya hawara bado umeihifadhi kwa jina la fundi bomba, ifute kabla ya kusema amina.

Hatua ya 4: Pokea

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na sababu ni kwamba hakuna aliyewafundisha kwamba kupokea ni tendo. Wanaomba msamaha leo, kesho wanaomba ule ule, mwakani wanaomba ule ule, kwa dhambi ile ile ya mwaka ule ule. Wanadhani ni unyenyekevu.

Fanya hivi. Baada ya kuungama, fungua 1 Yohana 1:9 uisome kwa sauti: “Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote.” Angalia msingi wake. Mtume hakuandika kwamba Mungu ni mpole kwa hiyo atafumba macho. Ameandika mwaminifu, na wa haki. Deni lililokwisha kulipwa msalabani, haki yenyewe inakataa lidaiwe mara ya pili. Umeziungama? Basi sehemu ya pili ya mstari ni yako. Iseme kama jambo lililotendeka: “Umeniondolea wizi wa hela ya kikundi. Asante.” Kisha nyamaza. Usirudie ombi. Kuanzia hapo, dhambi hiyo ikikujia akilini, kazi yako ni kushukuru.

Hisia zinaweza kuja au zisije. Wengine wanalia, wengine wanapata usingizi mzito wa kwanza baada ya miezi, wengine hawasikii chochote mpaka wiki zimepita. Usipime msamaha kwa joto la kifua. Ahadi ilitolewa na Mungu, na uimara wake uko kwake.

Utaniambia: lakini mimi dhambi yangu si ya kawaida. Nakuomba basi ukae na mfalme Manase, 2 Mambo ya Nyakati 33, kwa sababu mahubiri mengi humruka. Alitawala Yerusalemu miaka 55. Alijenga madhabahu za miungu ndani ya hekalu la Bwana. Aliwapitisha wanawe mwenyewe motoni katika bonde la mwana wa Hinomu. Kitabu cha 2 Wafalme 21:16 kinaongeza kwamba alimwaga damu isiyo na hatia nyingi mno, hata akaujaza Yerusalemu toka upande huu hata upande huu. Huyu hakuteleza mara moja. Aliishi hivyo na kuwapotosha watu wake wote. Maakida wa Ashuru wakamkamata, wakamfunga pingu, wakampeleka Babeli. Huko kifungoni, akiwa hana hekalu, hana dhabihu, hana kitu cha kutoa, akajinyenyekeza sana mbele za Mungu wa baba zake akaomba. Mungu akayasikia maombi yake, akamrudisha Yerusalemu katika ufalme wake.

Ukisoma kwa mara ya kwanza unaweza kukasirika. Watoto wale je? Hasira hiyo ni halali, na msamaha wa Mungu haukusema kwamba damu ile ilikuwa kitu kidogo. Ulichosema ni kwamba hakuna shimo ambalo mtu akiomba akiwa ndani yake hatasikiwa. Kama Manase alisikiwa, wewe na daftari lako la kikundi hamko mbali mno.

Au mkumbuke mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakupata muda wa kubatizwa, kutoa sadaka, kurudisha alichoiba, wala kuonyesha kwamba amebadilika. Mikono yenyewe ilikuwa imefungwa. Alisema tu, “nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako,” akajibiwa, “leo hivi utakuwa pamoja nami peponi” (Luka 23:42-43).

Hatua ya 5: Ungama mbele ya mtu mmoja

Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane dhambi na kuombeana, tupate kuponywa. Siri iliyosemwa mbele ya mtu wa kuaminika hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na masikio yako yanapata kusikia msamaha kutoka nje ya kichwa chako.

Kwa Mkatoliki njia iko wazi: sakramenti ya Kitubio. Unatafuta dhambi zako moyoni, unajuta, unakusudia kutorudia, unaziungama kwa padre, anakupa maondoleo, kisha unatimiza malipizi aliyokupa. Kama umekaa miaka bila kuungama na umesahau utaratibu, mwambie padre hivyo tangu mwanzo, atakuongoza. Siri ya maungamo inalindwa na sheria ya Kanisa kwa adhabu kali, na padre anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo. Malipizi yenyewe, iwe sala au tendo la huruma, usiyahesabu kuwa bei. Kanisa lenyewe halifundishi hivyo.

Walutheri na Waanglikana wana maungamo ya pamoja ndani ya ibada, lakini mchungaji anaweza pia kukusikiliza faragha ukimwomba. Wengi hawajui hilo. Katika makanisa ya kipentekoste utaongozwa sala ya toba, mara nyingi mbele ya watu. Ni sawa, ila mambo mazito yahifadhi kwa ajili ya chumba chenye mtu mmoja.

Eneo letu lina historia yake katika hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walokole wale walizungumza juu ya kutembea nuruni: kuungama wazi, kurudisha vilivyoibwa, kupatana na jirani. Nawaheshimu sana. Hata hivyo kuungama mbele ya umati kuna hatari zake, na wazee wa uamsho wenyewe walizijua. Kanuni nzuri ni kwamba ungamo lisivuke mipaka ya waliodhurika. Ulimkosea mmoja, ungama kwa huyo na kwa msiri wako. Ulikosea kikundi, ungama kwa kikundi. Mambo ya chumbani usiyapeleke kwenye maiki.

Msiri mzuri ni mtu aliyekomaa kiimani, wa jinsia yako kama dhambi inahusu ngono, asiyefaidika na siri yako, na ambaye hujawahi kumsikia akisimulia za wengine. Akikusimulia za fulani, za kwako atampelekea nani?

Hatua ya 6: Rudisha kinachorudishika

Sasa, baada ya kupokea, inakuja kazi ya mikono. Mpangilio huu ni wa lazima. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne baada ya Yesu kumwambia, “leo imenipasa kushinda nyumbani mwako.” Yesu hakukaa juu ya kizingiti akisubiri risiti.

Torati ilimtaka aliyedhulumu arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Mweka hazina wetu, kama alichukua shilingi 480,000, sehemu ya tano ni 96,000, jumla 576,000. Aende kwa mwenyekiti kabla ya kikao, si katikati ya kikao. Aseme kiasi halisi, asitaje nusu ili kupima upepo. Kama hana hela yote, alete pendekezo la maandishi: kiasi gani kila mwezi, mpaka lini, nani shahidi. Ajiuzulu nafasi ya hazina mwenyewe, asingoje kuondolewa. Na akubali kwamba kikundi kinaweza kuamua kumshtaki. Msamaha wa Mungu haumzuii hakimu.

Kama ulichofanya ni jinai kubwa, hasa kumdhuru mtoto, sala peke yake haitoshi kumlinda aliyeumizwa. Vyombo vya sheria lazima vijue. Kiongozi wa dini anayekushauri “tuyamalize kanisani” katika jambo la namna hiyo anakupotosha na anamdhulumu mtoto.

Kama ulizini, usikimbilie kumwaga kila undani kwa mwenzi wako usiku wa manane ili wewe upumue. Zungumza kwanza na msiri au mshauri wa ndoa. Lakini kama umehatarisha afya yake, pima haraka na mwambie. Hapo kuchelewa ni dhambi nyingine.

Yapo yasiyorudishika: mimba iliyotolewa, mzazi aliyefariki mkiwa hamsemezani, miaka ya ulevi ambayo watoto waliikulia. Usijibunie malipo ya mbadala. Mlilie Mungu, na pale inapowezekana mtendee mema aliye hai.

Na uliyemkosea akikataa kukusamehe? Ana haki ya kuchukua muda wake. Omba radhi mara moja, kwa unyoofu, bila “lakini”. Usimtumie wazee kumshinikiza, usimwekee mstari wa Biblia kwenye simu. Mwenye kukufuta hatia ni Mungu, na huyo amekwisha kukupokea.

Hatua ya 7: Mashtaka yanaporudi

Yatarudi. Mara nyingi usiku, au siku unapofanikiwa jambo, au unapomwona mtu anayejua. Jifunze kutofautisha sauti mbili. Roho Mtakatifu anapokugusa, anataja jambo mahususi na kukuonyesha cha kufanya: mpigie fulani, rudisha kile. Mshitaki, yaani Shetani, hasemi jambo moja. Anasema “wewe ndivyo ulivyo”, na hana njia ya kutokea anayokuonyesha. Paulo anatofautisha huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu na huzuni ya dunia ifanyayo mauti (2 Wakorintho 7:10). Petro na Yuda wote walimkosea Yesu usiku ule ule, na wote walijuta. Petro alilia kwa uchungu, akabaki na wenzake mpaka Bwana alipomkuta. Yuda alirudisha vile vipande 30 vya fedha, naam alirudisha, kisha akaenda peke yake.

Kwa hiyo usiende peke yako. Jibu shitaka kwa sauti: “Ni kweli nilifanya. Ni kweli nimesamehewa.” Soma Warumi 8:1: “hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu.” Moyo ukiendelea kuhukumu, 1 Yohana 3:20 inasema Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote; alipokusamehe alijua hata yale unayoyakumbuka leo kwa mara ya kwanza. Jumapili ya Meza ya Bwana, nenda ukashiriki kwa utaratibu wa kanisa lako.

Kama mawazo yanakuambia ujidhuru au ukatishe maisha, mwambie mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali. Msongo wa namna hiyo unatibika, na kutafuta tiba si upungufu wa imani.

Ukianguka tena katika dhambi ile ile, rudi hatua ya kwanza siku hiyo, usingoje Jumapili. Petro aliagizwa kumsamehe ndugu hata saba mara sabini. Aliyeagiza hivyo hana kipimo kidogo kuliko hicho. Ila tafuta mlango unaoingilia. Kama ni baa ya njiani, badilisha njia. Kama ni simu usiku, ilale sebuleni.

Hatua ya 8: Msamehe unayemdai dinari mia

Mtumwa yule wa Mathayo 18 alitoka nje akamkuta mwenzake anayedaiwa naye dinari mia, ujira wa miezi kadhaa tu, akamkaba koo. Dinari mia si kitu kidogo kwa maskini, na Yesu hakusema ni kidogo. Yule aliyekutukana mbele za watu, ndugu aliyechukua shamba la urithi, mume aliyeondoka: vidonda hivyo ni vya kweli. Kumsamehe hakukulazimu kumrudishia daftari la hazina wala kurudi kwenye nyumba ya kipigo. Kunakutaka uache kumdai mbele za Mungu. Anza kwa kumtaja jina katika sala, hata kama mara ya kwanza huwezi kusema zaidi ya jina.

Kwa anayedhani ametenda dhambi isiyosameheka

Swali hili huulizwa kwa hofu kubwa kuliko mengine yote, nami nalijibu kwa mstari unaotangulia ule unaotisha. Kabla ya kutaja kumkufuru Roho Mtakatifu, Yesu alisema, “Dhambi zote watasamehewa wanadamu, na kufuru zao watakazokufuru zote” (Marko 3:28). Aliokuwa akiwaonya ni waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu, waliomwona akitoa pepo kwa macho yao wakasema anatumia nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Wao hawakuwa wakilia. Hawakuwa wakitafuta msamaha wala kuuona una haja. Wewe unayesoma hapa ukitetemeka, ukitaka kurudi, huko kutaka kwenyewe hukukuzalisha mwenyewe. “Hakuna mtu awezaye kuja kwangu, asipovutwa na Baba” (Yohana 6:44). Chukua karatasi, uandike sentensi ya kwanza.